Sayansi na kimya cha mwanafunzi wa Mowlem

KUNA dhana iliyokita mizizi nchini kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, mahubiri na siasa, ilhali sayansi ni ya Kiingereza. Dhana hiyo ina historia, tena si ndefu, na anayeilipia ni mwanafunzi.

Tuanzie 1957. Mwaka huo, Kituo Maalumu jijini Nairobi kilianzisha mkabala mpya wa kufundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ulianzia shule za Waasia, kisha ukaenea hadi za Waafrika. Tume ya Ominde ya 1964 ikaubariki. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilirudi nyuma kidogo: darasa la kwanza hadi la tatu lugha ya eneo la shule, kuanzia la nne Kiingereza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Lakini kilibaki somo tu. Sayansi haikukifuata.

Sasa, msomaji wangu, njoo hapa Mowlem, Embakasi Magharibi, mtaa ninaoishi. Lugha ya eneo ni ipi? Mtoto ana mama Mkamba na baba Mluhya, wenzake wa kucheza wanatoka Umoja na Kariobangi South, na wote wanaongea Kiswahili na Sheng. Juzi niliwakuta vijana wakifufua redio nje ya kibanda cha fundi. Mmoja akasema: "Stima haipiti hapa, buda. Hii waya imekatika ndani, cheki hiyo ingine." Hilo ni somo la saketi, na limeelezwa barabara. Nikamuuliza mdogo wao, ambaye bado yuko shuleni, kama huwa anaeleza hivyo darasani. Akacheka: "Aa, huko mi hunyamaza tu. Ngeli inaweza nitoka vibaya, wanicheke." Ngeli hapa si ile ya nomino, ndivyo vijana wanavyokiita Kiingereza.

Suala hili limechunguzwa. Mnamo 1989, Ailie Cleghorn, Marilyn Merritt na Jared Abagi walichapisha utafiti kuhusu lugha na ufundishaji wa sayansi katika shule za msingi za Kenya. Waligundua kwamba mawazo muhimu yalieleweka kwa urahisi zaidi pale mwalimu hakushikilia Kiingereza pekee. Nchini Tanzania, miaka ya mwanzo ya karne hii, Halima Mwinsheikhe alichunguza masomo ya sayansi katika shule za sekondari, akaonyesha kwamba wanafunzi hushiriki zaidi wanapofundishwa kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Chukua neno usanisinuru. Usanisi ni kuunda kitu kwa kuunganisha vingine. Nuru ni mwanga. Neno lenyewe limekwisha kumpa mtoto nusu ya somo. Lile la Kiingereza, lenye asili ya Kigiriki, yeye hulikariri kama wimbo asioujua maana.

Hata hivyo, istilahi peke yake haitoshi. Tanzania ilikuwa na kamusi hiyo, na bado sekondari zake zikaendelea kufundisha kwa Kiingereza. Naye mzazi wa Mowlem ana hofu ya haki: karatasi ya fizikia ya KCSE huandikwa kwa Kiingereza, na karatasi hiyo ndiyo mlango wa chuo kikuu. Simlaumu. Lakini kumruhusu mtoto aeleze kwanza kwa lugha anayoimudu hakumnyimi Kiingereza. Mwalimu aseme: "Hebu eleza vile unaona wewe." Kisha watafute pamoja istilahi sanifu, halafu Kiingereza chake. Aliyekwisha kuelewa jambo hutafuta neno lake tu. Asiyeelewa hubeba neno tupu hadi chumba cha mtihani.

Walimu wengi hufanya hivyo tayari, ila kwa kificho, sikio likiwa mlangoni asije mkuu wa shule. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Tukitaka wanasayansi kutoka Eastlands, tuanze kwa kuwaruhusu walimu hao wafundishe mlango ukiwa wazi.