Ile Picha ya Mvuvi Chini ya Mbalamwezi: Usiku Huo Mvuvi wa Dagaa Kalala Kwake

Wadau, ile picha mnaijua. Mwezi umejaa, maji yanametameta, katikati kuna mtumbwi na mvuvi anayeonekana kivuli tu. Wengine wameiweka kwenye kioo cha simu, hadi sisi wa huku Hasamba ambao bahari tunaiona kwenye TV. Picha kali, sibishi. Ila kama huyo jamaa anatafuta dagaa, usiku kama huo angekuwa kwake anashona nyavu.

Iko hivi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga unavuta wadudu wadogo wa majini, dagaa nao wanafuata, wakishajaa chini ya taa wavuvi wanainua wavu. Sasa mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga. Taa yako haina jipya, dagaa wanatawanyika, na mafuta au betri umeshatumia. Ndiyo maana siku za mwezi mkubwa wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika, wanasubiri giza lirudi. Kule Ziwa Victoria hata kipindi cha kazi chenyewe wanakiita "giza". Wa ndoano na nyavu za kutega wanaweza kuendelea, lakini kwa mtu wa dagaa mwezi mkubwa maana yake ni siku kadhaa bila hela.

Taa zenyewe zina historia. Zamani watu wa Tanganyika waliwasha moto wa kuni juu ya mtumbwi. Katikati ya karne ya 20 karabai zikashika kasi, na siku hizi ni taa za betri na sola. Chombo kimebadilika, mpinzani ni yule yule: mwezi.

Sasa hii picha tunayoipenda ilitoka wapi? Ulaya ya karne ya 18, michoro ya bahari usiku ilikuwa biashara nzuri. Mfaransa Claude-Joseph Vernet aliichora sana na matajiri wakainunua. Mwaka 1796 kijana wa miaka 21, J.M.W. Turner, akaonyesha London mchoro wake wa kwanza wa rangi za mafuta kwenye maonyesho ya Royal Academy: wavuvi kwenye mawimbi, juu mwezi, ndani ya boti kuna taa ndogo. Angalia hapo. Taa na mwezi vipo pamoja, na mwezi ndio umeshika bahari yote. Mvuvi wa dagaa akiuona mchoro huo, ataelewa tatizo mara moja.

Kamera ilipokuja, mambo yakanoga zaidi. Mwaka 1856 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha ya merikebu baharini, ikawa gumzo London. Watu waliiita picha ya mbalamwezi. Kumbe ilipigwa mchana! Jua lilikuwa nyuma ya mawingu, na picha ikatoka na giza giza kama usiku. Kwa kamera za wakati ule, kunasa bahari inayocheza kwa mwanga wa mwezi haikuwezekana. Kwa hiyo mkisema filta zimeletwa na Insta, mmechelewa sana.

Na kuna kingine kinachoniuma kidogo. Vernet tunamjua, Turner tunamjua, Le Gray tunamjua. Wale wavuvi mle ndani? Hakuna jina. Huku kwetu nako ni hivyo hivyo. Studio za Zanzibar kama ya A.C. Gomes ziliuza postikadi za majahazi na watu wa pwani, na jina la studio likachapwa. Waliopigwa picha mara nyingi waliandikwa kazi au kabila lao, basi. Leo tunaposti "mvuvi", tunaweka emoji ya mwezi, tunasepa.

Mtu ataniambia sanaa si taarifa ya habari, tuache. Sawa, mtu ana haki ya kuchora anachokiona moyoni. Lakini picha ikirudiwa miaka 200, tunaanza kuamini maisha ya mvuvi ni utulivu na mwanga wa fedha. Tunasahau baridi, upepo, na mtu aliyekesha ili wewe ule dagaa na ugali.

Picha ya kweli ya uvuvi wa dagaa haina mwezi. Simama ufukweni Kigoma usiku wa giza totoro, utaona mstari wa taa kule mbali ziwani, kama mji umejengwa juu ya maji. Chini ya kila taa kuna watu kazini.

Basi siku ukikutana nao, piga picha yako ya taa. Ila muulize mwenye taa jina lake, na kama akikubali, liandike.