Kliniki ya Wajawazito kwa Vikundi: Kutoka Connecticut hadi Rwanda

Katika nchi nyingi, mjamzito hukaa kwenye foleni muda mrefu ili aonane na mkunga kwa dakika chache. Mwaka 1993, katika jimbo la Connecticut, Marekani, mkunga Sharon Schindler Rising alijaribu njia nyingine. Aliwakusanya wajawazito wanaotarajia kujifungua kipindi kimoja, 8 hadi 12, wakaketi kwa duara. Kila mmoja alijipima uzito na shinikizo la damu, akapimwa tumbo na mkunga, kisha wote wakazungumza. Shirika lisilotafuta faida, ambalo leo huitwa Centering Healthcare Institute, liliundwa ili kueneza mpango huo.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wanawake 1,047 wa New Haven na Atlanta. Waliojifungua kabla ya wakati walikuwa asilimia 9.8 katika vikundi, na asilimia 13.8 katika huduma ya kawaida.

Nchini Rwanda, huduma ya vikundi ilijaribiwa katika utafiti uliohusisha vituo vya afya 36. Wahudumu wa afya ya jamii waliongoza vikundi pamoja na wauguzi. Muda wa mimba haukuongezeka kuliko katika huduma ya kawaida, lakini akina mama na wauguzi waliridhika na vikundi.

Je, mpango ulishindwa? La. Matokeo ya Marekani hayakuwa ahadi kwa Rwanda, na tarehe ya kujifungua si kipimo pekee cha huduma. Mama aliyepata nafasi ya kuuliza na kujibiwa amepata kitu ambacho foleni haikumpa.