Karasha

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu inayotumika Tanzania, kuanzia Runzewe hadi Geita mjini. Jina lake limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako “crush” ni kuponda, ni msongamano wa watu, tena ni kumpenda mtu kimoyomoyo. Kituruki hutenganisha: kuponda ni “ezmek”, msongamano ni “izdiham”, lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na “zahama” yetu.

Wachimbaji wadogo nao wamelinyoosha neno. Karasha nyingi ni mapipa ya chuma yanayozunguka na gololi ndani. Unga unaotoka huoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, zebaki ikanasa dhahabu. Mturuki angeliita pipa hilo “değirmen”, kama kinu cha nafaka. “Konkasör”, alilolichukua kutoka Kifaransa, ni mashine ya kuvunjavunja mawe tu.