Noeli Iliyofutwa: Msalaba, Picha ya Rais na Kalenda ya Leta Mjini Goma

Jumatano ya tarehe 25 Desemba 1974 ilikuwa siku ya kazi katika Zaire nzima. Katikati ya mwaka huo serikali ya Mobutu ilikuwa imetangaza kwamba Noeli imeondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa, na kwamba mtumishi wa Leta, yaani wa serikali, atafika kazini siku hiyo kama siku nyingine yoyote. Huku Goma, Askofu Faustin Ngabu alikuwa na miezi michache tu tangu ashike uongozi wa jimbo, baada ya kifo cha Askofu Joseph Busimba. Noeli yake ya kwanza akiwa askofu mwenye jimbo ikawa Noeli ambayo Leta haiitambui.

Wazee walioyaona hayo bado tunao. Vijana wengi hawajapata kuyasikia, na hilo linanisikitisha, kwa sababu maswali tunayoulizana leo yalikwisha kuulizwa hapa hapa, tena kwa ukali. Je, shule iliyojengwa na padri lakini inayolipwa na serikali itundike nini ukutani? Siku gani zifungwe ofisi, na za nani zisifungwe? Mwenye mamlaka akiondoa alama ya dini mahali pa watu wote, anaacha nini pale ilipokuwa?

Turudi nyuma kidogo, maana msalaba haukufika darasani wenyewe. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II, ilitiliana saini mkataba na Vatikani: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Baada ya Ubelgiji kuichukua koloni mwaka 1908, utaratibu huo uliendelea, na kuanzia miaka ya 1920 shule za misioni za Kikatoliki zikawa zinapata ruzuku ya serikali. Waprotestanti walinyimwa ruzuku hiyo mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo mtoto wa Kivu aliyejifunza kusoma chini ya msalaba alikuwa anasoma chini ya alama mbili kwa wakati mmoja, ya Kanisa na ya koloni. Mzazi wa Kiislamu aliyetaka mwanawe ajue kusoma na kuandika Kifaransa hakuwa na pengine pa kumpeleka.

Mwaka 1954 waziri mpya wa makoloni, Auguste Buisseret, aliamua kufungua shule za serikali zisizo na dini kwa Waafrika pia. Maaskofu walikasirika. Wabelgiji waligombana wao kwa wao juu ya darasa la Kongo, na Mkongomani mwenyewe hakuulizwa neno. Naliona hilo kuwa jeraha la kwanza la mjadala huu kwetu, kwani ulianza bila wenye watoto kuwamo. Jimbo la Goma liliundwa tarehe 30 Juni 1960, siku ile ile ya uhuru, na lilirithi shule pamoja na ugomvi wake.

Kisha akaja Mobutu na siasa ya uhalisi, ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Siku ya mwisho ya mwaka huo ilitoka sheria ya kusimamia dini, iliyotambua makanisa machache tu: Katoliki, Kanisa la Kristo lililowakusanya Waprotestanti, na Kanisa la Kimbangu. Ndiyo maana hata leo mjini Goma ubao wa shule ya Kiprotestanti una namba kabla ya jina, 3e CBCA, 8e CEPAC. Namba hizo ni kumbukumbu ya zama ambazo kila jumuiya ya Kiprotestanti ililazimika kuingia chini ya paa moja na kuhesabiwa.

Januari 1972 rais alijipa jina la Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya Kizungu. Gazeti la Kikatoliki lilipothubutu kuhoji, lawama zilimwangukia Kardinali Joseph-Albert Malula, askofu mkuu wa Kinshasa. Nyumba yake ilichukuliwa na kupewa vijana wa MPR, chama cha Mobutu, naye akaenda Roma kwa miezi kadhaa. Padri aliyembatiza Mzaire kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Linaloumiza zaidi katika kisa hicho ni kwamba Malula alikuwa mtetezi mkubwa wa Kanisa la Kiafrika kabla ya Mobutu kuuzungumzia uhalisi. Ngoma, lugha na mavazi yetu kwenye ibada vilikuwa hamu yake ya miaka mingi, na kazi hiyo ilizaa misale ya Kizaire iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeitwa adui wa uhalisi.

Desemba 1974 Mobutu alizuru China na Korea Kaskazini. Mwishoni mwa mwezi, uongozi wa juu wa chama cha MPR uliamua kuzichukua shule zote za makanisa. Somo la dini lilifutwa, mahali pake pakawekwa elimu ya uraia na siasa. Misalaba na picha za Papa zikaamriwa kutoka katika shule, hospitali na ofisi, na picha ya kuning'inizwa mahali pa watu wote ikawa ya rais peke yake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Kuna wanaosimulia miaka ile kama jaribio la kujenga serikali isiyo na dini. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukuta haukuachwa mtupu hata siku moja. Palipotoka msalaba paliingia uso wa mwenye kofia ya chui. Kamishna wa siasa, Engulu, alimtangaza Mobutu waziwazi kuwa nabii aliyetumwa na Mungu kuwakomboa Wazaire, na chama kuwa kanisa lake. Kwenye televisheni taarifa ya habari ilifunguliwa kwa uso wa rais ukishuka kutoka mawinguni. Kalenda ilijazwa siku zake: tarehe 20 Mei ya kuzaliwa kwa chama, 14 Oktoba ya kuzaliwa kwa Mobutu mwenyewe, 24 Novemba ya kushika kwake madaraka. Asubuhi wanafunzi walimwimbia na kumchezea mbele ya bendera. Kilichofanyika kilikuwa kuiondoa dini moja hadharani ili kuisimika nyingine, na hiyo ya pili haikuwa na Jumapili ya kupumzika, kwa kuwa kazi ya lazima ya salongo nayo ilikuwa na siku yake.

Makanisa hayakusimama pamoja. Uongozi wa Kanisa la Kristo, chini ya Jean Bokeleale, ulikuwa karibu na utawala. Umoja ule wa Waprotestanti ulikuwa umepata nguvu yake kutoka kwa Leta. Wakimbangu nao walikuwa na sababu zao za kutolilia upendeleo wa Wakatoliki: nabii wao, Simon Kimbangu, alikamatwa mwaka 1921 na kufia gerezani Elisabethville mwaka 1951, wakati misioni za Kikatoliki zikila meza moja na koloni. Nasema hivi kwa sababu hadithi ya Noeli iliyofutwa husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya Kanisa lililoonewa na kunyamaza. Ilikuwa na kona nyingi kuliko hizo.

Maaskofu Wakatoliki walijibu mwanzoni mwa 1975. Waliwaambia wazazi kwamba mafundisho ya dini sasa yatakuwa kazi ya nyumbani. Huku mashariki kazi hiyo iliangukia shirika, zile jumuiya ndogo za majirani wanaokutana uani kwa mtu, kusoma Neno na kuulizana hali. Amri ya kuiondoa dini shuleni iliisukuma mpaka mtaani, mikononi mwa akina mama na makatekista, mahali ambapo mkaguzi wa chama alipata taabu kufika. Majina ya ubatizo nayo yaliendelea kuitwa jikoni na uani. Cheti kilisema moja, mama akaita lingine.

Nguvu ya amri iliisha zaidi kwa sababu ya fedha kuliko kwa sababu ya hoja. Bei ya shaba ilianguka kuanzia 1974. Maduka na mashamba yaliyonyang'anywa wageni kwa hotuba ya 30 Novemba 1973 yalikuwa yamekauka mikononi mwa wakubwa waliogawiwa. Leta ilijikuta na maelfu ya shule isizoweza kuziendesha, ikarudi kubisha hodi kwa wale wale iliowafukuza. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba ulitiwa saini: serikali inalipa na kupanga masomo, makanisa yanasimamia. Waislamu nao walikuja kupata nafasi katika utaratibu huo. Shule za mkataba za Goma tunazozijua leo, za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kimbangu na za Kiislamu, zinasimama juu ya karatasi ile. Msalaba ulirudi ukutani, lakini safari hii katika shule moja miongoni mwa nyingi, na mzazi wa Kiislamu akawa na mlango wa kugonga. Hayo ndiyo mema yaliyotoka katika fujo ile, ingawa hakuna aliyeyakusudia.

Zaire haikuwa peke yake. Cuba iliiondoa Noeli katika sikukuu mwaka 1969, kwa hoja kwamba inakatiza mavuno ya miwa, ikairudisha miaka ya 1990, Papa Yohane Paulo II alipokaribia kuizuru. Kwingine ugomvi huo huo ulikwenda mahakamani. Katika mji wa Pawtucket nchini Marekani, wananchi waliishtaki halmashauri yao kwa kuweka sanamu za kuzaliwa kwa Yesu katika maonyesho ya Desemba, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya nchi iliziruhusu, majaji 5 dhidi ya 4. Sisemi hukumu hiyo ilikuwa sahihi. Ninachokitamani ni ile nafasi ya mkazi wa kawaida kusimama mbele ya jaji na kusema alama hii inanitenga, akasikilizwa, hata akishindwa. Raia wa Goma wa 1974 alisikia uamuzi redioni.

Tangu hapo mji huu umebadilishiwa kalenda mara nyingi, na kila aliyeushika alikuja na siku zake. Novemba 1996 waasi wa AFDL waliingia Goma. Mwaka uliofuata tarehe 20 Mei ya Mobutu ikafutika, na 17 Mei, siku walipoingia Kinshasa, ikawa sikukuu. Ikafuata miaka ya waasi wa RCD. Januari 2025 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Tarehe 17 Januari nchi nzima hupumzika kumkumbuka Lumumba, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1961, lakini kwa mtu wa Goma tarehe hiyo ina uzito mwingine pia, maana ndiyo siku ambayo mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji na kuliteketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Kumbukumbu ya pili haimo katika sheria yoyote. Watu wameiweka wenyewe.

Alama ya mahali pa watu wote ambayo sijapata kusikia dhehebu lolote likiigombea ni ile ya mzunguko wa Chukudu, iliyozinduliwa mwaka 2009: mwanamume wa rangi ya dhahabu akisukuma chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Mkatoliki, Mwislamu, Mwadventista na asiyesali popote wote wamepakiwa viazi au makaa na chukudu. Wenye chukudu ni watu maskini, na kuwaona wamesimamishwa juu palipozoea sura za wakubwa kunanifurahisha kila ninapopita.

Katiba ya 2006, katika ibara yake ya kwanza, inaitaja nchi kuwa dola isiyofungamana na dini. Orodha ya sikukuu inasema kitu kingine, nacho hakijasemwa kwa sauti ya kutosha. Noeli imo. Mwaka 2023 iliongezwa tarehe 6 Aprili, siku Kimbangu alipoanza utume wake Nkamba mwaka 1921. Jambo la haki, kwa mtu aliyefungwa miaka 30 kwa kuhubiri. Wakimbangu wenyewe huadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, kwa hiyo siku yao kubwa huwaangukia kazini, na tarehe 25 Desemba wanapumzika kwa ajili ya wengine. Idi haimo kabisa, wala ya kumaliza mfungo wa Ramadhani wala ya kuchinja. Mwislamu wa mtaa wa Birere mwenye ajira ya Leta anaomba ruhusa ili akasali Idi na watoto wake, na mkuu wake anaweza kukubali au kukataa.

Nauona huo kuwa upungufu mkubwa, na nausema nikiwa Mkristo ambaye sikukuu yake iliwahi kufutwa. Jamaa za Kiislamu zilikuwa katika Kongo ya mashariki kabla ya padri wa kwanza kufika Goma. Orodha ya sikukuu hutolewa kwa amri ya rais, bila kura ya maoni na bila kugusa Katiba. Ilipofunguliwa kwa ajili ya Kimbangu, saini moja ilitosha. Viongozi wa madhehebu ya mji huu wanajuana na wamekaa meza moja katika mambo mazito kuliko hili: vita, kipindupindu, Ebola, wakimbizi. Waliandike ombi hilo pamoja, na sahihi ya askofu wa Goma iwe kati ya za kwanza.