Fremu na Fundi Wake: Historia ya Baisikeli ya Mbio kutoka Chuma hadi Kaboni

Katika historia ya baisikeli ya mbio, umbo la fremu limebadilika kidogo sana, ilhali malighafi yake imebadilika mara kadhaa. Fremu, yaani kiunzi kinachobeba kiti, usukani, pedeli na magurudumu, ilianza kupata sura yake ya kudumu baada ya John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, kuingiza sokoni baisikeli ya Rover mwaka 1885, ambayo mnyororo wake ulizungusha gurudumu la nyuma na magurudumu yake yalikaribia kulingana. Haikupita miaka mingi kabla watengenezaji hawajakubaliana juu ya pembetatu mbili zilizoungana, kubwa mbele na ndogo nyuma, na hadi leo fremu nyingi hufuata umbo hilo. Kwa hiyo mnunuzi wa baisikeli yake ya kwanza ya mbio anapotakiwa kuchagua kati ya chuma, alumini na kaboni, huwa anarithi mjadala wa zaidi ya karne moja, ambao kila hatua yake ilipunguza uzito wa baisikeli na wakati huohuo ikabadilisha aina ya fundi anayeweza kuitengeneza inapovunjika.

Malighafi iliyotawala kwa takribani miaka mia moja ni chuma cha pua, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo ili kiwe kigumu bila kuvunjika upesi. Kasoro yake ni uzito, kwa kuwa kwa ujazo uleule chuma hukaribia mara tatu ya uzito wa alumini. Jawabu la mapema lilitoka Birmingham, ambako Alfred Reynolds, wa ukoo uliokuwa ukitengeneza misumari, alipata hataza mwaka 1897 pamoja na mwenzake J. T. Hewitt kwa ajili ya paipu yenye kuta nene nchani na nyembamba katikati, kwani nchani ndiko paipu inakopata joto la kuunganishwa na mkazo mkubwa zaidi wa safari. Mwaka 1935 kampuni ya Reynolds ilitoa aloi iliyoitwa 531, yaani chuma kilichoongezwa manganizi na molibdeni, na kutokana nayo zikapatikana paipu zenye unene wa milimita 0.8 nchani, kiasi cha kadi ya benki, na milimita 0.5 tu katikati. Paipu hizo ziliunganishwa kwa lagi, yaani vishikizo vya chuma vinavyovishwa kwenye maungio, kisha fundi akayeyusha aloi ya shaba au ya fedha hadi ikanyonywa na mwanya mwembamba ulio kati ya paipu na lagi. Kwa kuwa chuma chenyewe hakikuyeyuka, paipu iliyopinda iliweza kupashwa moto tena, ikachomolewa, na nyingine ikawekwa mahali pake.

Uwezo huo wa kutengenezwa ulidhihirika mapema katika Tour de France ya mwaka 1913, pale Eugène Christophe wa Ufaransa alipovunjikiwa foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, akiteremka mlima Tourmalet katika safu ya Pyrenees. Kanuni za wakati huo zilimkataza mshindani kusaidiwa na mtu yeyote, na hivyo aliibeba baisikeli yake akitembea kwa miguu kilomita zipatazo 14 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi, na kwa saa kadhaa akaifua na kuiunganisha foku hiyo kwa mikono yake mwenyewe mbele ya macho ya waamuzi. Mvulana wa kijijini alimvutia viriba vya kupulizia moto, na kwa msaada huo mdogo Christophe akaadhibiwa kwa kuongezewa dakika. Adhabu hiyo haikumzuia kumaliza mashindano, na jambo la msingi kwa mwanahistoria ni kwamba moto, nyundo na kipande cha chuma katika kijiji cha mlimani vilitosha kuirudisha barabarani baisikeli ya mshindani mkubwa.

Hali hiyohiyo inaeleza kwa nini chuma kilishika mizizi Afrika Mashariki, ambako baisikeli nzito za Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye Phoenix za China na Hero za India, zilibeba maji, mkaa, ndizi na abiria, wakiwemo wale wa mpakani Busia ambako usafiri wa bodaboda ulianza katika miaka ya 1960. Paipu za baisikeli hizo zilikuwa za chuma cha kawaida chenye kuta nene, na fundi aliyeketi chini ya mwembe aliweza kuziba ufa na kuongeza kipande cha nondo bila hofu. Hata hivyo, ustadi huo hauhamishwi moja kwa moja hadi kwenye fremu nyepesi ya mbio, kwa sababu moto mkali wa kuchomelea kwa umeme hutoboa au kudhoofisha upesi ukuta wenye unene wa nusu milimita.

Alumini ilipoingia kwa nguvu katika miaka ya 1970, kupitia watengenezaji kama Alan wa Italia walioziunganisha paipu kwa skrubu na gundi, ilileta wepesi pamoja na ulegevu, kwani ukakamavu wake, yaani uwezo wa kutopinda, ni kama theluthi moja tu ya ule wa chuma. Ufumbuzi ulipatikana Marekani, ambako Gary Klein, na baadaye kampuni ya Cannondale kuanzia mwaka 1983, walitumia paipu nono. Kanuni yake ni rahisi: kipenyo cha paipu kikiongezwa mara mbili bila kubadili unene wa ukuta, uzito huongezeka takribani mara mbili, ilhali ukakamavu huongezeka takribani mara nane. Mwaka 1998 Marco Pantani alishinda Tour de France kwa fremu ya alumini. Lakini alumini haina kikomo cha uchovu wa metali, yaani kiwango cha mkazo ambacho chini yake metali haichoki kamwe, na fremu nyingi za aina hii zikichomelewa hupoteza nguvu hadi zipitishwe tena katika tanuri maalumu, kifaa ambacho ni nadra katika karakana ya mtaani.

Titani, yenye sifa zilizo kati ya chuma na alumini na isiyopata kutu, ilibaki kuwa ya wachache kutokana na bei yake na ulazima wa kuichomelea ndani ya gesi ya agoni. Nyuzi za kaboni, kinyume chake, zilishinda kabisa. Greg LeMond wa Marekani alitwaa Tour de France ya mwaka 1986 akiendesha fremu yenye paipu za kaboni, na watengenezaji wakajifunza kupanga matabaka ya nyuzi ndani ya gundi ngumu, wakiamua sehemu ipi iwe kakamavu na ipi inyumbuke. Wepesi ulipita kiasi hadi shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, likaweka kikomo mwaka 2000 kwamba baisikeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Kaboni iliyopasuka inaweza kutengenezwa, ila kovu lake mara nyingi hujificha ndani ya matabaka, na kuligundua kunahitaji fundi aliyesomea kazi hiyo.

Mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika, na macho ya vijana wengi wa eneo hili yakavutwa na fremu za kaboni zilizopanda vilima vya jiji hilo. Kijana anayetaka kuanza anastahili kuambiwa ukweli huu: fremu inayolingana na kimo chake ni muhimu kuliko malighafi yake, na tairi pana kidogo lisilojazwa upepo kupita kiasi hupunguza mitikisiko zaidi kuliko tofauti kati ya metali moja na nyingine. Baada ya hayo, aulize ni nani katika mji wake anayeweza kuitengeneza fremu anayoitaka. Akimpata fundi mwenye moto mpole na aloi ya shaba, chuma kitamtumikia miaka mingi. Asipompata, alumini ya bei nafuu, ikikaguliwa nyufa mara kwa mara, ni mwanzo wa heshima. Na kaboni ifuate atakapokuwa na uwezo wa kulipia ukaguzi wake. Christophe alifika Sainte-Marie-de-Campan akiwa amechoka na amechelewa, lakini aliikuta karakana ambayo moto wake uliweza kuifaa baisikeli aliyokuwa nayo.