Marabi wenye kusindikiza wakulima ku mashamba

Kila mwaka, mu mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakulima Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi wa mto Yordani wanavuna zeituni. Ni mavuno yenye kulisha jamaa nyingi: matunda yanakamuliwa, mafuta mengine yanabaki nyumbani, mengine yanauzishwa. Lakini kwenye vilima vya karibu na muji wa Nablus, mashamba mengi yanapakana na makao ya walowezi, ni kusema Waisraeli waliokuja kujenga kwenye ardhi yenye Israeli iliteka mu vita ya 1967. Hapo mukulima anaweza kufukuzwa kwa mawe, ao kukuta miti yake imekatwa. Ndiyo sababu kati ya watu wenye kuja kuvuna pamoja naye kuna marabi, viongozi wa dini ya Kiyahudi.

Shirika lao linaitwa Marabi kwa Haki za Binadamu. Rabi David Forman, muzaliwa wa Marekani, alilianzisha mwaka wa 1988, wakati Wapalestina walikuwa wameinuka kupinga utawala wa kijeshi na jeshi la Israeli lilikuwa linawajibu kwa nguvu. Yeye na wenzake waliona kwamba wakubwa wa dini yao walisema sana juu ya Sabato na vyakula vyenye kuruhusiwa, lakini juu ya watu wenye kupigwa walinyamaza. Ndani yake muna marabi wa mirengo mbalimbali, hata ile ambayo kwa kawaida haisali pamoja, na jambo hilo ni nadra sana mu Israeli.

Wao hawatafuti msingi wa kazi yao mbali. Sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo inasema mutu, mutu yeyote, ameumbwa kwa mufano wa Mungu. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa vita.

Kwa miaka mingi jeshi lilikuwa na njia yake ya kuzuia fujo mashambani: kama walowezi wanaweza kushambulia wakulima, basi mahali pale panafungwa na wakulima wanakatazwa kuingia. Kwa maneno mengine, anayetishwa ndiye anarudishwa nyumbani. Mwaka wa 2004, wakubwa wa vijiji vitano vya Wapalestina, pamoja na marabi na shirika moja la haki za kiraia la Israeli, walipeleka neno hilo mbele ya Korti Kuu. Hukumu ilitoka mwezi wa sita 2006. Jaji Dorit Beinisch alisema ni sawa na kukataza mutu asiingie mu nyumba yake mwenyewe, eti kusudi alindwe na mwizi mwenye kumungojea ndani. Korti iliamuru jeshi lilinde wakulima wakiwa kazini, na mashitaka yao yachunguzwe.

Hukumu kwenye karatasi ni jambo moja, lakini shambani ni lingine. Wakulima wengine walifikia miti ambayo walikuwa hawajaigusa kwa miaka, lakini mashambulio hayakuisha. Mwezi wa kumi 2015, kijana mwenye kufunika uso alimushambulia rabi Arik Ascherman kwa kisu, karibu na makao ya Itamar. Video yake ilizunguka ulimwengu. Ascherman aliponea.

Mu inchi yao wenyewe, Waisraeli wengi wanawaita wasaliti, wenye kusahau damu ya Wayahudi wenye kuuawa. Wale wenye kusema hivyo mara nyingi hawataji kwamba shirika lilipigania pia Waisraeli maskini. Kulikuwa mupango wa serikali wenye kulazimisha watu wasio na kazi kufuata masharti makali kusudi wapate musaada. Marabi walisaidia kuupinga, na mupango ulisimamishwa 2010.

Mwaka wa 2016 Ascherman aliacha shirika, na kisha alianzisha lingine, Torat Tzedek, jina lenye maana ya Torati ya Haki. Nyuma ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023, na vita ya Gaza yenye ilifuata, wakulima wengi wa Ukingo wa Magharibi walikatazwa kufika mashambani, na zeituni nyingi zilibaki juu ya miti. Mavuno ya 2024, marabi walirudi kwenda kuvuna na wakulima.