Shem Karenga na "Jazz" ya Tabora: Mwimbaji Alifanya Nini Jukwaani?

Wadau wa Igunga na kwingineko, kuna dogo kaniuliza: hizi bendi za Tabora zilizojiita Jazz, zilipiga jazz kweli? Jibu fupi: ile ya Marekani, hapana. Huku kwetu neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa yenye magitaa, ngoma, na saksafoni kama hela ipo. Kiko Kids Jazz ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz, zote za mkoa wetu. Hata Western Jazz ya Dar ilianzishwa 1959 na Iddi Nhende, mtu wa huku huku magharibi, ndio maana ya jina.

Kwa Tabora Jazz mimi namsikiliza zaidi Shem Karenga wa "Dada Asha", aliyetokea Kigoma na kufariki Desemba 2014. Mtindo wao uliitwa Segere Matata. Western walikuwa na Saboso, Nuta Jazz wana Msondo.

Sasa utundu wenyewe. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika kama 3 tu, hivyo wimbo mrefu ulikatwa, ugeuze upande wa pili. Ukumbini hakuna wa kukukata. Beti zinaanza taratibu, watu wanacheza wawili wawili, kisha gitaa la solo linaingia kwenye chemko. Hapo mwimbaji hafuati tena yaliyoandikwa: anarusha majina, anaitikiana na wenzake, anarudia neno moja kwa sauti tofauti tofauti kadiri wachezaji wanavyopandisha mzuka. Ella Fitzgerald alifanya kitu cha namna hiyo Berlin 1960. Alisahau maneno ya "Mack the Knife" katikati ya onyesho, akatunga mengine papo hapo, na rekodi ile ikampa Grammy!

Tofauti ni kwamba yeye alirekodiwa akiwa jukwaani. Za kwetu tulizonazo ni zile za studio, hasa za Redio Tanzania Dar es Salaam. Za ukumbini nyingi ziliishia huko huko.

Ndio maana inaniuma nikifungua flash ya mtu nakuta faili limeandikwa "zilipendwa 07", hata jina la bendi hakuna. Jamani, ukikopi andika mwimbaji, bendi na wimbo. Na kama una babu au bibi hapo Igunga, Ziba, Nkinga au Choma aliyecheza Segere Matata, muulize chemko lilikwendaje na nani alikuwa anaimba. Muulize wiki hii.